Kusoma Bei ya Mwisho

Mtu aliyekaa nyuma ya gunia sokoni Butembo au Beni, mashariki mwa Kongo, ana bei mbili. Ya kwanza huitaja kwa sauti. Ya pili, ile asiyokubali kushuka chini yake, huificha kama mcheza poka anavyolaza karata zake kifudifudi. Mnunuzi naye ana yake, kiasi cha juu ambacho mfuko wake utavumilia. Kupatana bei ni kila mmoja kuisoma ya mwenzake kabla yake haijasomwa, na ufundi huo huonekana vizuri zaidi penye fedha ndogo: kopo la maharagi, fungu la nyanya, dumu la mawese.

Msomaji mzuri haanzi na uso wa mtu. Huanza na njia. Butembo iko mlimani, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na viazi vya kizungu na kabeji huingia humo kutoka vilima vya Lubero. Beni, kilomita zipatazo 54 kaskazini, iko chini, kwenye joto la mawese na kakao. Gunia la viazi likifika Beni limeshabeba nauli, na dumu la mawese lililopanda Butembo vilevile. Bidhaa nyingi za dukani zimepita mpaka wa Kasindi kutoka Uganda, zikanunuliwa kwa dola na kuuzwa kwa faranga. Mwenye duka aliyenunua kabla dola haijapanda ana nafasi ya kupunguza, aliyenunua jana hana. Hayo yote hujulikana kabla ya salamu, na tayari yameibana bei iliyofichwa.

Kisha muuzaji huanza kushuka, na kila hatua ni neno. Tuseme ametaja faranga 10,000, akashuka hadi 8,000, halafu 7,500, halafu 7,300. Hatua zinafupika, mwisho wake uko karibu, pengine 7,000. Anayepunguza elfu moja, tena elfu moja, tena elfu moja, bado yuko mbali. Mnunuzi mgeni huharakisha kuuliza, “Mama, ya mwisho ngapi?” Swali hilo humfunua yeye mwenyewe, kwamba hana bei kichwani.

Ushahidi mzito zaidi hutolewa na miguu. Mnunuzi akigeuka kuondoka na kuitwa kabla ya hatua ya tatu, “Papa, rudi tupatane,” bei ya mwisho ilikuwa haijaguswa. Asipoitwa, ameifikia au ameipita. Jaribio hili lina gharama yake: anayerudi bila kuitwa ameonyesha karata zake zote.

Uso ni ushahidi dhaifu, kwa sababu huenda uchovu wake ni wa jua tu. Wazoefu wa poka ya fedha ndogo husema kwamba mchezaji mkimya akiongeza dau ghafla, mara nyingi karata anazo kweli. Sokoni ni hivyohivyo. Mama asiyelalamika, anayetaja bei moja na kuirudia kwa sauti ileile, kwa kawaida hana nyingine, na kumsukuma ni kupoteza asubuhi.

Kwenye kakao ya Mbau na Oicha, kaskazini mwa Beni, mali yenyewe husema zaidi ya mwenye mali. Mnunuzi huchota mbegu na kuzikaza ndani ya ngumi: zilizokauka hulia, zenye maji hunyamaza. Hupasua moja kwa kisu. Rangi ya kahawia ni ya mbegu zilizovundikwa siku za kutosha, zambarau au kijivu ni ya zilizoharakishwa. Na aliyeharakisha ana sababu, mara nyingi karo ya Septemba au mgonjwa nyumbani. Gunia limemsema kabla hajafungua kinywa. Hapa ndipo ufundi huu hupata heshima au huipoteza. Mcheza poka huinuka mezani na kwenda zake, lakini mnunuzi wa kakao atarudi kijiji kilekile msimu ujao, na aliyetumia dhiki ya mtu kumkamua atakuta magunia yameshapelekwa kwenye mizani nyingine. Simu nayo imempa mkulima macho: bei ya dunia ilipopita dola 12,000 kwa tani mnamo Desemba 2024, habari haikubaki kwa wenye maghala peke yao.

Bei ikishakubaliwa na fedha kuhesabiwa, huja matabishi, ile nyongeza ya bure juu ya kipimo. Wengi huipokea kama adabu tu, lakini msomaji huitazama kama karata zinazofunuliwa baada ya mchezo. Konzi moja ya maharagi ni desturi. Konzi tatu, zilizomwagwa haraka bila kuombwa, humwambia kwamba bei aliyolipa ilikuwa bado na nafasi, naye hufunga mfuko wake, hushukuru, na kuiweka hesabu hiyo hadi siku nyingine ya soko.