Mwalimu Mbele ya Muhtasari

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na mashairi. Ni nadra kumwona mhakiki akiuchukua muhtasari wa somo na kuuchambua kama anavyochambua maandishi mengine. Hata hivyo, kila mwalimu wa shule ya Serikali analazimika kuyasoma maandishi hayo, apende asipende, na huenda ndiyo yanayosomwa kwa pupa kuliko yote. Makala haya yanakusudia kuchunguza namna muhtasari wa Kiswahili wa shule za sekondari za Tanzania unavyosomwa na walimu, na hasara inayoufika utamaduni wa Taifa pale unaposomwa nusu nusu.

Kabla ya kuingia katika kiini cha mjadala, yafaa tutofautishe hati nne ambazo mara nyingi huchanganywa. Mtaala ni mpango mzima wa elimu: hueleza shabaha za Taifa, aina ya raia anayetarajiwa, masomo atakayosoma na namna atakavyopimwa. Muhtasari ni tawi la mtaala linalohusu somo moja. Kutokana na muhtasari, mwalimu huandaa azimio la kazi la mwaka mzima, na kutokana na azimio hilo huandika andalio la somo la kila kipindi. Hati mbili za kwanza ni amri ya Serikali, nazo hutayarishwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Hati mbili za mwisho ni kazi ya mwalimu mwenyewe. Maana yake ni kwamba Serikali huamuru mahali pa kufika, bali mwalimu ndiye anayeichora njia. Asiyeuona mpaka huo hukosa kwa namna mbili: ama hupuuza shabaha, ama hudhani kwamba hata njia amekwisha chorewa.

Tukitazama historia, tutaona kwamba shabaha yenyewe haikubadilika sana. Mwezi Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Humo alipinga elimu iliyorithiwa kwa wakoloni, iliyomtenga kijana na jamii yake na kumfundisha kuheshimu kitabu kuliko kazi na busara ya wazee. Alisisitiza pia kwamba mtihani usitawale masomo, bali mahitaji ya wanafunzi walio wengi ndiyo yaamue yafundishwayo. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilirudia wito wa kuunganisha masomo na kazi. Mtaala wa mwaka 2005 ukaweka mkazo katika ujuzi badala ya maarifa matupu, na mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, umeuendeleza mkazo huo kwa jina la umahiri. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, Taifa limekuwa likisema jambo moja kwa maneno mbalimbali: kijana aweze kutenda kwa kile anachokijua.

Sasa tulitazame jedwali lenyewe. Mihtasari iliyotokana na mtaala wa 2005 ilikuwa na safu za mada, mada ndogo, malengo mahususi, mbinu za kufundishia na kujifunzia, zana, tathmini na idadi ya vipindi. Mihtasari mipya imeweka umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji na vigezo vya upimaji. Badiliko hili si pambo la lugha. Mada ni kitu kinachoweza kuandikwa ubaoni kikanakiliwa na kikaisha. Umahiri hauwezi kunakiliwa, kwa kuwa huonekana katika tendo tu. Lakini aghalabu mwalimu huhamisha maneno mapya katika azimio lake la kazi, kisha huingia darasani na daftari lile lile la zamani na kusoma maelezo yale yale. Kubadili kibuyu si kubadili maji.

Tuchukue mfano wa methali, somo linalohusu moja kwa moja urithi wetu. Shabaha ya kufundisha fasihi simulizi ni kumwezesha mwanafunzi kuitumia na kuiendeleza. Katika madarasa mengi, hata hivyo, methali hufundishwa kwa maana yake, sifa zake na dhima zake, kila jambo kwa nambari. Mwanafunzi huweza kutaja dhima tano za methali bila kuwa na methali moja anayoweza kuitoa mahali pake. Mbele yake kuna "Haraka haraka haina baraka". Kando yake kuna "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". Kwa mtu aliyekariri, hizi ni methali mbili zinazopingana. Kwa mtu aliyelelewa katika mazungumzo ya wazee, hazipingani hata kidogo, maana anajua kwamba methali si sheria bali ni jibu kwa jambo lililotokea, na busara ni kujua lipi lijibiwe kwa ipi. Ujuzi huo ndio utamaduni. Orodha ya dhima ni kivuli chake tu.

Hali ni hiyo hiyo katika fasihi andishi. Tamthiliya ya Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ya marehemu Edwin Semzaba, imesomwa kwa miaka mingi katika kidato cha tatu na cha nne. Ngoswe ni karani aliyetumwa kijijini kuhesabu watu. Huko analewa pombe, anampenda Mazoea, na mwishowe Mitomingi, baba yake Mazoea, anazitia moto karatasi za hesabu. Mwanafunzi aliyezoeshwa mtihani hutoa kutoka hapo hoja tatu: uzembe kazini, ulevi na mapenzi. Hoja hizo si za uongo, na alama atazipata. Lakini maswali mazito hayaulizwi. Je, kwa nini kazi ya Taifa zima iliweza kuteketea kwa hasira ya baba mmoja? Ni nani mwenye kosa kubwa zaidi, aliyechoma au aliyeacha karatasi zichomwe? Mtumishi wa umma anawajibika vipi kwa watu wasiojua umuhimu wa kazi yake? Haya ndiyo maswali yanayomlea raia. Tena ni kinaya kikubwa kwamba tamthiliya inayomkosoa mtumishi aliyebeba karatasi bila kuutambua uzito wake, hufundishwa na mtumishi aliyebeba muhtasari kwa namna iyo hiyo.

Wako watakaosema kwamba lawama hii ni ya kumwonea mwalimu. Madarasa yamejaa, vitabu havitoshi, wathibiti ubora wa shule hukagua kama mada zimekamilika, na mwisho wa yote shule hupimwa kwa matokeo ya mtihani. Utetezi huu una uzito, na haifai kuupuuza. Ikiwa muhtasari unadai umahiri nao mtihani unadai kukariri, mwalimu mwenye akili ataufuata mtihani, kwa kuwa ndio utakaoamua maisha ya mwanafunzi wake. Kwa hiyo mkinzano huu si wa mwalimu peke yake. Mamlaka yanayotunga mihtasari na yale yanayotunga mitihani hayana budi kusema kwa kauli moja, la sivyo kila mageuzi ya mtaala yatakuwa mageuzi ya vichwa vya safu.

Lakini utetezi huo hauondoi wajibu wote. Hata ndani ya hali hiyo ngumu, azimio la kazi na andalio la somo bado ni mali ya mwalimu. Yafaa ajizoeshe kulisoma jedwali kuanzia mwisho kuja mwanzo: kwanza avisome vigezo vya upimaji, ajiulize mwanafunzi atatenda nini ili ionekane ameweza, kisha atafute shughuli itakayomfikisha hapo, ndipo achague maelezo machache ya kuandika ubaoni. Akifanya hivyo ataona kwamba vipindi viwili vya methali vinaweza kuwa mjadala juu ya kisa kilichotokea mtaani, na kwamba dhima zile tano zitajitokeza zenyewe katika vinywa vya wanafunzi, wazikumbuke hata siku ya mtihani.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika somo la Kiswahili. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali. Kijana afikapo sekondari, masomo yake karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Kipindi cha Kiswahili, basi, ndicho mahali ambapo anaweza kufikiri, kubisha na kushawishi kwa lugha anayoimudu, bila kwanza kupigana na maneno. Tukikijaza kipindi hicho kwa kunakili, tumemnyima nafasi adimu ya kuwa mwenye hoja.

Kwa ufupi, muhtasari ni agizo la Taifa kwa mwalimu, na agizo hutekelezwa na yule aliyelielewa. Kulitii neno kwa neno bila kuifahamu nia yake ni utii wa karani. Mwalimu si karani. Yeye ndiye msomaji wa kwanza wa muhtasari na mfasiri wake wa mwisho, na kile ambacho hakukielewa yeye, mwanafunzi hatakisikia.