Anayehesabu Taa Inavyopepesa

Taa ya cheki injini ikiwaka kwenye Corolla ya miaka ya 1990, kila mtu ana dawa yake. Yupo atakayeibandika solotepu nyeusi. Yupo atakayechomoa waya wa betri, taa izime, ashukuru Mungu mpaka irudi. Na yupo atakayekimbilia gereji bubu ya jirani, aandikiwe orodha ya spea kabla boneti haijafunguliwa. Mimi namvulia kofia fundi umeme wa aina nyingine, yule anayeanza kazi kwa kutafuta kipande cha waya.

Magari yale yalitengenezwa kabla mashine za kupimia hazijawa na soketi moja. Marekani ililazimisha soketi hiyo kwa magari mapya ya mwaka 1996. Corolla iliyouzwa Japani na kutufikia ikiwa mtumba haikuhusika. Lakini Toyota waliacha mlango wa uani. Chini ya boneti kuna kiboksi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake fundi hutafuta vitundu viwili, TE1 na E1, akaviunganisha kwa waya wake, kisha akawasha swichi bila kupiga stata. Taa ile ile iliyokuwa kero huanza kupepesa.

Pasipo na hitilafu hupepesa harakaharaka, mwendo mmoja usiokatika. Ikiwepo, hutaja namba: mara mbili, kimya cha sekunde moja na nusu, mara mbili tena. Hiyo ni 22. Nilimtazama fundi mmoja Njombe akiisoma. Alinyanyua kiganja kumnyamazisha mwenye gari, midomo ikihesabu bila sauti, akaiacha irudie na kurudia. Namba zikiwa zaidi ya moja hutoka kwa zamu, ndogo kwanza, na mwenye pupa huondoka kabla ya ya pili.

Namba 22 ni njia ya umeme ya sensa ya joto la maji. Ni njia nzima: sensa, konekta, waya na kompyuta yenyewe. Wengi wakiiona hukimbilia duka la spea. Yeye aliuliza swali.

“Mzee, asubuhi inawakaje?”

“Inasumbua kweli, mwanangu. Ikishapata moto haina neno.”

Jibu lilimtosha. Kompyuta ikikosa habari za sensa hiyo hujifanya maji yana nyuzi 80, ikaendelea na kazi. Injini iliyolalia baridi ya Njombe hupewa petroli ya injini yenye moto, yaani kiduchu, ndiyo maana stata hulia mpaka betri ichoke. Injini ikishapata moto, joto la kweli na la kudhania hukaribiana, gari likatulia.

Gari lilikuwa limelala gerejini makusudi, injini ipoe. Akachomoa konekta, akaweka mita kwenye sensa. Kwa nyuzi 20 hivi inapaswa kusoma omu 2,000 hadi 3,000. Ikifika nyuzi 80 ishuke hadi kati ya 200 na 400. Ilisoma 2,400. Sensa nzima! Mwingine angekuwa ameshauza mpya. Yeye alipima waya kutoka konekta hadi kompyuta, huku akiupapasa taratibu na kuukunja kila baada ya inchi chache. Karibu na injini, mahali ganda lilipokakamaa kwa joto, namba kwenye mita ziliruka. Kwa nje hapakuwa na hata mkwaruzo. Shaba ilikuwa imekatika ndani.

Alikata kipande kibovu, akalehemu kipya (kusokota na kubandika solotepu ni kujikopesha shida), akachomoa fyuzi ya EFI kwa muda kufuta kumbukumbu, akairudisha na kuhesabu upya. Taa ilipepesa mwendo mmoja. Ugomvi ukabaki kwenye malipo, maana mteja wetu hulipa spea kwa moyo mweupe lakini akili huiombea punguzo.

Mashine za siku hizi hazijamfukuza kazini. Zitaandika P0118, nayo ni njia ile ile ya umeme. Kidole bado lazima kiupapase waya.

Nawe ukienda kununua gari la zamani, washa swichi kabla ya stata. Taa hiyo lazima iwake, kisha izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, balbu imeungua au kuna mtu ameitoa. Usiache hata kishika uchumba.