Sungura na Lugha ya Vichakani: Uhakiki wa Riwaya ya Watership Down

0. Utangulizi

Katika fasihi simulizi ya Waswahili na ya majirani zao, Sungura hahitaji kutambulishwa. Ndiye mdogo anayemshinda Fisi kwa akili na kumdanganya Simba mchana kweupe. Hata hivyo, tukimtazama kwa makini, Sungura huyo ni mtu aliyevikwa ngozi ya mnyama: hulima shamba, hukopa fedha, huposa mke, husimama mbele ya baraza kujitetea. Unyama wake ni jina tu.

Mnamo mwaka 1972 mwandishi wa Kiingereza, Richard Adams (1920-2016), alitoa riwaya yake ya kwanza, Watership Down, ambayo mashujaa wake ni sungura wasiolima wala kuvaa nguo. Wanakula nyasi, wanaogopa harufu ya mbwa, wanaishi katika mashimo. Na juu ya mabega hayo madogo mwandishi ameweka mzigo wote wa utenzi wa kale: kuhama, kuvuka mto, kutafuta makao, vita na kifo.

Swali tunalotaka kulijibu ni hili: je, shujaa asiye mtu aweza kubeba riwaya nzima ya safari ya kishujaa bila kugeuzwa mtu? Maoni yetu ni kwamba aweza, kwa sharti kwamba apewe lugha yake mwenyewe. Adams ametimiza sharti hilo kwa ustadi mkubwa kwa upande wa sungura. Lakini alipofikia lugha inayowaunganisha wanyama wa jinsi mbalimbali, alitetereka. Na kwetu sisi wanaisimu wa Kongo kasoro hiyo si jambo dogo.

1. Kisa kwa ufupi

Adams alikuwa mtumishi wa serikali, na hadithi hii aliisimulia kwanza kwa binti zake wawili wakiwa safarini ndani ya gari. Wachapishaji kadhaa waliukataa mswada kabla ya Rex Collings, mchapishaji mdogo wa London, kuukubali. Riwaya ilipata Nishani ya Carnegie ya mwaka 1972, kisha tuzo ya gazeti la Guardian mwaka 1973. Mwaka 1978 ilitolewa filamu.

Fiver, sungura dhaifu mwenye maono, anahisi maangamizi yanayolijia koloni lao la Sandleford. Mkuu wao hamsikilizi. Kaka yake, Hazel, anatoroka pamoja naye na kundi dogo, na maono yanatimia: watu wanaotaka kujenga nyumba wanaziba mashimo na kuwaua sungura kwa gesi. Baada ya mashaka mengi wakimbizi wanafika juu ya kilima cha Watership Down, katika jimbo la Hampshire. Hapo wanatambua kwamba hawana majike, na kwamba makao yasiyo na watoto hayatadumu. Ndipo inapoanza safari ya pili, kwenda Efrafa, koloni linalotawaliwa kijeshi na Jenerali Woundwort.

Adams alikana mara nyingi kwamba kisa hiki ni fumbo la siasa. Yafaa tumwamini, kwani nguvu ya riwaya iko katika usungura wenyewe. Kuhusu tabia za wanyama hao alitegemea kitabu cha R. M. Lockley cha mwaka 1964. Kutoka huko, kwa mfano, ametoa habari kwamba jike anapobanwa na msongamano mwili wake huweza kuzifyonza tena mimba. Katika Efrafa jambo hilo la kimaumbile limekuwa shtaka zito juu ya utawala wa Woundwort kuliko hotuba yoyote.

2. Lugha ya sungura

Sungura wa Adams wana lugha inayoitwa Lapine, jina ambalo msomaji wetu ajuaye Kifaransa atalitambua mara moja. Maneno yake yaliyomo kitabuni si mengi, lakini yamechaguliwa kwa busara: ni yale ambayo lugha ya binadamu haina haja nayo. Silflay ni kutoka shimoni na kupanda juu kwenda kula. Tharn ni hali ya kuduwaa kwa hofu hata miguu ikakataa kukimbia. Hrududu ni gari. Neno hili ni tanakali ya sauti ya injini, kama tulivyoita pikipiki. Wingi wake ni hrududil, maana yake lugha hii ina mofolojia.

Mfano ulio bora zaidi ni wa hesabu. Sungura hawa huhesabu hadi nne. Idadi yoyote inayozidi hapo ni hrair, yaani wengi, au elfu. Jina la Fiver katika lugha yake ni Hrairoo: hrair pamoja na kiambishi tamati -roo cha udogo, yaani “elfu mdogo”, yule kijana mnyonge wa uzao uliozidi nne. Naye babu wa sungura wote, shujaa wa hadithi zao, anaitwa El-ahrairah, jina lililoungwa kutokana na maadui, elfu na mkuu: mkuu mwenye maadui elfu. Basi neno moja la hesabu limebeba maisha ya kiumbe mzima. Kwa mnyama anayewindwa na mbweha, kicheche, bundi, mbwa na mtu, hakuna haja ya kujua kama maadui ni saba au sabini. Baada ya nne, wote ni elfu.

Adams hakutoa maneno haya kama mapambo. Anayafundisha polepole, moja katika sura hii, jingine katika sura ile. Kuelekea mwisho, Bigwig, mpiganaji wa kundi, anamtupia Woundwort tusi zima kwa Lapine, na mwandishi halifasiri. Msomaji analielewa. Kwa muda wa sentensi moja amefikiri kwa lugha ya sungura. Tunaona hapa jibu la swali letu: mnyama amekuwa mhusika kamili, bali aliyevuka mpaka ni msomaji.

3. Hadithi ndani ya hadithi

Jambo la pili linalowapa sungura hawa nafsi ni fasihi simulizi yao. Dandelion, msimulizi wa kundi, anahadithia visa vya El-ahrairah nyakati ambazo ujasiri unahitajika. Kabla ya kuingia Efrafa, Bigwig mwenyewe anaomba kisa cha kutisha cha Sungura Mweusi wa Inlé, yaani cha mauti. Hadithi ni silaha. Anayekwenda hatarini huibeba moyoni.

Kinyume chake kinaonekana katika koloni la Cowslip. Sungura wa hapo ni wanono. Mkulima huwatupia chakula, na kila mara huwatega mmoja. Wamekubaliana kutouliza aliyetoweka amekwenda wapi. Wana ushairi wa huzuni na michoro ya mawe ukutani. Lakini Dandelion anapowasimulia kisa cha El-ahrairah, wanakipokea kwa adabu baridi: hila za mababu, kwao, zimepitwa na wakati. Adams hasemi kwamba sanaa yao ni duni. Anaonyesha kwamba ni sanaa ya watu walioacha kuuliza swali moja. Sehemu hii yafaa isomwe na kila mwanafunzi anayedhani kwamba ngano za wanyama ni za kuwalazia watoto tu.

Karibu na mwisho, Hazel anamsikia jike aitwaye Vilthuril akiwasimulia watoto kisa kimoja cha El-ahrairah. Kisa hicho ni safari yao wenyewe, iliyokwisha kugeuka ngano. Hazel anahisi aliwahi kukisikia, lakini hakumbuki wapi. Hatujui maelezo mazuri kuliko haya, katika riwaya, ya jinsi tukio linavyogeuka kuwa mapokeo.

Tuseme pia kwamba msimulizi huyo ni jike, kwa sababu majike wameonewa katika riwaya hii. Safari nzima ya pili inawatafuta kama mali inayokosekana, na Lockley asingetosha kuwa kisingizio. Hyzenthlay wa Efrafa, mwenye maono kama Fiver na mwenye shairi lake la maombolezo, anaonyesha kwamba mwandishi alijua njia nyingine. Hakuifuata hadi mwisho.

4. Lugha ya vichakani

Mashamba ya Uingereza hutengwa kwa nyua za miti na vichaka, na humo huishi wanyama wa kila jinsi. Kwa mujibu wa Adams, wanyama hao huwasiliana kwa lugha ya pamoja, rahisi na yenye msamiati mchache. Panya huitumia; ndege pia. Kehaar, shakwe aliyeumia bawa, huizungumza kwa lafudhi nzito na sarufi iliyokatikakatika, na msomaji hualikwa acheke.

Lakini tuangalie lugha hiyo inafanya nini katika kisa. Hazel anamwokoa panya kutoka kwa ndege mwindaji, kisha anamlisha Kehaar, huku wenzake wakishangaa kwa nini apoteze muda na viumbe wasio sungura. Kehaar ndiye anayegundua Efrafa iko wapi. Kehaar ndiye anayemshambulia Woundwort wakati wa kutoroka. Na jeshi la Efrafa linapokaribia kwa siri, anayeleta habari ni panya. Ukiondoa lugha ya vichakani, hakuna majike, hakuna ushindi, hakuna riwaya. Woundwort ana nguvu kuliko Hazel, na katika vita pengine ana akili zaidi. Asichokuwa nacho ni mtu wa kuzungumza naye nje ya jinsi yake. Hazel ni kiongozi kwa sababu hii hasa: anakubali kusema lugha ambayo si ya wakubwa.

Kwa hiyo kisa kinaitukuza lugha ambayo mtindo unaidhihaki. Huo ndio mgongano mkubwa wa riwaya hii, na haielekei kwamba mwandishi aliuona.

Sisi tunauona kwa wepesi, kwa sababu tunaishi ndani yake. Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910, na wafanyakazi wa migodi waliletwa kutoka pande mbalimbali, kila mmoja na lugha yake. Walichokutana nacho na kukijenga upya ni Kiswahili. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha jinsi vitabu vidogo vya msamiati vya wakoloni vilivyoishusha lugha hiyo kuwa chombo cha kutolea amri. Muda mrefu iliitwa lugha iliyovunjika. Leo ni lugha ya kwanza ya watoto wengi wa mji, na ina kanuni zake kamili. Asemaye batoto badala ya watoto hakukosea. Amefuata ngeli yenye kiambishi ba-, kama zifanyavyo lugha nyingi za Kibantu zinazokizunguka Kiswahili hicho.

5. Iwapo itafasiriwa

Mfasiri wa Kiswahili angepata zawadi moja na mitego miwili. Zawadi ni upatanisho wa kisarufi. Kiingereza hulazimika kuamua kama mnyama ni kitu au nafsi. Kiswahili kimekwisha kuamua. Twasema sungura anakula, kama tusemavyo mtu anakula. Hata jina lililo katika ngeli ya vitu hutii: kiboko anakuja ni mnyama, kiboko kinakuja ni fimbo ya kuchapia.

Mtego wa kwanza ni neno sungura lenyewe. Sungura wa nyika zetu halali katika koloni lenye njia za chini ya ardhi; anajilaza majanini, peke yake. Msomaji asipoonywa mapema, atamwona yule mjanja wa ngano zetu, na usungura wa Adams utapotea.

Mtego wa pili ni Kehaar. Kishawishi kitakuwa kuwapa sungura Kiswahili sanifu, na kumpa shakwe Kiswahili cha Lubumbashi ili watu wacheke. Mfasiri atakayefanya hivyo atakuwa amerudia kosa la mwandishi na kuliongezea dharau ya kwetu. Twapendekeza Kehaar apewe maneno machache na mahadhi yake ya baharini, lakini sarufi isiyovunjika.

Na kinyume chake kinawezekana. Tutafute neno la Hrairoo. Kiswahili sanifu kitatupa kiambishi ki- cha udogo, ambacho kwa viumbe hai mara nyingi huleta fikra ya dharau au ulemavu, kama katika kijitu na kilema. Kiambishi -roo hakina dharau. Hazel hukitumia pia kumbembeleza Pipkin, mdogo wa kundi, akimwita Hlao-roo. Kiswahili cha Lubumbashi kina kiambishi ka-, ambacho katika kinywa cha mama hubeba udogo pamoja na mapenzi. Fiver angeitwa Kaelfu, na hakuna mtoto wa Lubumbashi ambaye angehitaji maelezo.

6. Hitimisho

Watership Down imethibitisha kwamba shujaa asiye mtu hahitaji kuvishwa nguo za binadamu ili tumlilie; anahitaji maneno ya njaa yake, ya hofu yake na ya mababu zake. Imeshindwa pale ilipodhani kwamba lugha ya wote ni lugha pungufu. Kwa wanafunzi wa tafsiri twashauri kazi moja: wachukue mazungumzo ya kwanza ya Hazel na Kehaar, wayafasiri mara mbili, mara ya kwanza Kehaar akiwa kichekesho, mara ya pili akiwa mgeni mwenye heshima, kisha waeleze ni sentensi zipi zilizobadilika na kwa nini.