Mtungi wa Lita 20 na Dozi ya Msuli

Mwanamke wa Matiliku akiambiwa afanye mazoezi ili apate mtoto, ana haki ya kucheka. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una kilo 20, na huko Makueni mtungi huo haujibebi wenyewe kutoka mtoni. Basi mtaalamu wa fiziotherapia anamwongezea nini?

Tuanze na ugonjwa wenyewe unaomzuia: ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi (PCOS). Mwaka 1935, madaktari Stein na Leventhal wa Chicago walieleza ovari zilizojaa vifuko. Jina likaganda, likapotosha. Vile si uvimbe. Ni vijumba vya mayai vilivyokwama kabla ya kupevuka. Mara nyingi insulini ina mkono wake hapo. Mwili ukiigomea, kongosho huzidisha kuitoa, na ikizidi huchochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Ini nalo hupunguza protini inayozifunga homoni hizo kwenye damu. Hedhi hupotea miezi, ndevu huchipuka, yai halitoki. Wembamba nao hawajasalimika.

Msuli una njia yake ya mkato: ukikaza, huvuta sukari kutoka kwenye damu bila kungoja insulini. Faida ya zoezi moja hudumu siku moja au mbili tu, ndiyo maana kujichosha Jumamosi na kulala wiki nzima hakusaidii sana. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 kuhusu ugonjwa huu unataka dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za nguvu, pamoja na kujenga misuli siku mbili zisizofuatana. Haukuteua aina moja ya zoezi kuwa bora kuliko nyingine.

Turudi kwa mtungi. Safari ya mtoni inahesabika, asidanganywe mtu. Lakini mzigo ni uleule mwaka mzima, mgongo ni uleule, na hakuna anayeupima. Mtaalamu huanza na kuchuchumaa na kuinuka, huhesabu marudio, huongeza uzito kidogo kidogo, huku akichunga magoti na kiuno. Hiyo ndiyo dozi.

Dozi hiyo haimwahidi mtu mimba. Dawa ya kwanza ya kupevusha yai ni letrozoli: katika utafiti wa Marekani wa 2014, asilimia 27.5 ya waliopewa walijifungua, dhidi ya 19.1 ya waliopewa klomifeni. Mirija ya uzazi iliyoziba haizibuliwi kwa kuchuchumaa. Na mume apimwe mbegu mapema. Ukambani, mke asiyezaa aliweza kuoa iweto, mwanamke wa kumzalia watoto. Mume hakuulizwa mengi.

Dada, ukiuziwa masaji ya “kufungua kizazi”, omba kwanza kuona leseni. Tangu sheria ya 2014, wataalamu wa fiziotherapia nchini Kenya husajiliwa na baraza lao.