Ngazi ya Mzee Fux na Mtunzi Anayeanza

Kijana wa kwaya anayetunga wimbo wake wa kwanza huanza, mara nyingi, na sauti ya kwanza. Akipata mahadhi yanayompendeza, huzijaza sauti tatu zilizobaki palipo na nafasi: ya pili chini kidogo, ya tatu popote inapofika, na ya nne ikirukaruka kati ya d, f na s. Wimbo unaimbika. Lakini mwombe mwimbaji wa sauti ya pili aimbe peke yake, nawe utasikia nota mbili tatu zinazorudiwa bila safari yoyote. Kwa sababu ya huyo mwimbaji wa sauti ya pili, tunapenda kukipima hapa kitabu kimoja cha zamani ambacho walimu wa utunzi bado wanakitumia.

Kitabu hicho ni Gradus ad Parnassum, yaani hatua za kupanda mlima Parnassus. Kiliandikwa kwa Kilatini na Johann Joseph Fux, mtoto wa wakulima aliyepanda hadi kuwa mkuu wa muziki katika ikulu ya Kaisari huko Vienna, na kilitolewa mwaka 1725. Anasema katika dibaji kwamba aliwafikiria vijana wenye kipaji wasio na fedha wala mwalimu. Haydn alijifunza kwacho, na Beethoven alipokwenda Vienna mwaka 1792, Haydn alimfundisha kwa njia hiyo hiyo.

Mafundisho yametolewa kama mazungumzo. Mwanafunzi ni Josephus, ambaye ni Fux mwenyewe. Mwalimu ni Aloysius, anayemwakilisha Palestrina, mtunzi wa Roma wa karne ya 16. Kabla ya somo lolote, Aloysius anamwuliza kijana kama anatafuta utajiri. Kama ndivyo, abadili nia. Swali hilo lingefaa kuulizwa hata leo, wakati ambapo mtunzi hufikiria kurekodi kabla hajajua kuandika.

Hamonia huuliza: nota zinazosikika pamoja sasa hivi zinapatana? Kontrapunti huuliza zaidi: kila sauti imetoka wapi, na inakwenda wapi? Fux anaanza na wimbo msingi wa nota chache ndefu, na juu yake au chini yake mwanafunzi anaweka sauti moja tu. Kwanza nota moja kwa moja, kisha mbili kwa moja, kisha nne. Hatua ya nne ni nota inayoshikiliwa hadi ikwaruzane na mwenzake, halafu ishuke taratibu mahali pa amani. Ya tano huchanganya zote. Baada ya hapo ndipo sauti ya tatu inaingia, na mwisho ya nne.

Sheria inayowachosha wanaoanza ni ile ya tano sambamba. Sauti ya kwanza ikipanda kutoka s kwenda l, na besi ikapanda kutoka d kwenda r, umbali kati yao ni tano, tena tano. Fux anakataza. Besi ingeshuka hadi f ya chini, kosa lingeondoka. Sababu yake ni kwamba sauti zinazokwenda hivyo husikika kama sauti moja iliyonenepa. Mmoja amekuwa kivuli cha mwenzake. Mtume Paulo anawafundisha Wakorintho kwamba mwili una viungo vingi, na jicho haliwezi kuuambia mkono kuwa halina haja nao. Sauti nne zilizoandikwa vizuri zinafanana na fundisho hilo: kila moja ina kazi yake, na hakuna inayofanya kazi hiyo bila kuwasikiliza wengine.

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Knud Jeppesen, mtaalamu wa Denmark, alionyesha katika karne ya 20 kwamba baadhi ya sheria za Fux hazilingani na Palestrina aliyetakiwa kumwakilisha. Tena, mazoezi yake hayana maneno. Kwetu hilo ni pengo kubwa, maana Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi akiweka nota ndefu na ya juu kwenye silabi ya mwisho ya "msalaba", hakuna sheria ya Fux itakayomkosoa, ila masikio ya waamini yatakwaruzwa. Na Wagogo wa Dodoma huimba kwa nne na tano zinazokwenda sambamba, na uimbaji wao ni mzuri. Basi katazo la Fux si amri ya Mungu. Ni utaratibu wa nyumba moja. Anayemfundisha kijana kwamba babu zake waliimba makosa anamfundisha uongo.

Je, tukiache? Hapana. Aliyejua kwa nini sheria ipo anaweza kuiacha kwa makusudi. Asiyejua anaiacha kwa uvivu. Tunamshauri mtunzi anayeanza achukue mahadhi mafupi, aandike sauti moja tu chini yake, kisha watu wawili waimbe. Baadaye wabadilishane. Ikiwa kila mmoja anaifurahia sauti ya mwenzake kama yake, sasa aongeze ya tatu. Ikiwa mmoja anachoka, arudi aandike upya, kwa kuwa huyo anayechoka naye amekuja ibadani kumwimbia Bwana.