Tiketi ni Moja, Bei Ndizo Nyingi

Meru na Embu hazina reli. Tawi la zamani la upande wa Mlima Kenya liliishia Nanyuki. Kwa hiyo anayetoka Makutano au Runyenjes kwenda Mombasa kwa treni ya Madaraka huanza na matatu hadi Nairobi. Tiketi ya treni huikata akiwa bado nyumbani, simu mkononi, na hapo ndipo maswali huanza: mbona tovuti hii inataja shilingi 1,500 na ile inataja dola 20?

Nauli yenyewe hupangwa na Shirika la Reli la Kenya. Januari 1, 2024 daraja la pili kati ya Nairobi na Mombasa lilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Shirika lilitaja gharama ya mafuta. Kwa mtu wa steji ya Embu, aliyezoea kuona nauli ya matatu ikiruka Desemba, nauli iliyoandikwa na kutangazwa ni kitu cha kutegemea.

Ukipiga *639# ya shirika hilo, unachagua treni, tarehe na daraja, unaandika jina na nambari ya kitambulisho, kisha M-Pesa inakuomba namba ya siri. Ujumbe ukiingia, kiti ni chako. Tovuti ya shirika hupita njia hiyohiyo.

Wakala wa mtandaoni, yule anayetaja dola 20, hana behewa wala kiti. Unamlipa dola kwa kadi, naye anaingia katika mfumo uleule wa shirika, anakata tiketi ya 1,500 kwa jina lako, halafu anakutumia. Anachokuuzia hasa ni kukuvusha kutoka kadi hadi M-Pesa. Tuseme dola moja ni shilingi 129: nauli ni kama dola 11.63. Ukitoa 20, umelipa 2,580, na 1,080 zimebaki kwake kabla ya makato ya kadi.

Huo si wizi. Kijana wa Meru aliye Marekani, hana laini ya Kenya na anataka mama yake asafiri Jumamosi, anaweza kuona huduma hiyo ina thamani yake, ingawa kumtumia dada yake pesa akate yeye ni nafuu zaidi. Kinachoniuma ni ukurasa unaoandika "nauli ya treni" juu ya jumla yote, ada ya wakala ikiwa imefichwa humo ndani. Mama atasimulia kijijini kwamba treni ni 2,580, na jirani ataghairi safari.

Tofauti nyingine zimo katika nauli yenyewe: mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na anayeshukia Voi halipi sawa na anayefika Mombasa.

Ukifika Syokimau, kwenye stesheni ya Nairobi ya treni hiyo, chapisha tiketi kwenye mashine. Nauli imeandikwa juu yake. Kama ulipitia kwa wakala, iweke kando ya ujumbe wa benki, utoe nauli kwenye ulicholipa: kinachobaki si nauli.