Kuupima Mtelezo: Mwongozo wa Kutambua Ubora wa Gemu za Michezo kwa Kipimo cha NHL '94

Gemu ya michezo, yaani programu ya kompyuta inayompa mtu pedi mkononi ili auchezeshe mpira kwenye kioo cha televisheni, ni kazi ya ufundi kama kazi nyingine, na ina kasoro na uzuri ambao jicho lisilozoea huupita bila kuuona. Wanunuzi wengi huipima kwa sura: jinsi nyuso za wachezaji zinavyofanana na za watu halisi, jinsi nyasi zinavyong'aa, na wingi wa majina ya klabu yaliyomo. Kipimo hicho huchakaa haraka, kwa kuwa sura iliyowashangaza watu mwaka huu huonekana ya kizamani baada ya miaka mitano, ilhali gemu chache zilizotengenezwa kabla ya baadhi ya wachezaji wake wa leo kuzaliwa bado zinachezwa kwa bidii ileile. Mwongozo huu unashikilia kwamba ubora wa gemu ya michezo hukaa katika kanuni za mwendo wake, na kwamba mkono huutambua ubora huo mapema kuliko jicho.

Mfano unaofaa zaidi kwa somo hili ni NHL '94, gemu ya hoki ya barafuni iliyotolewa na kampuni ya EA Sports mwaka 1993. Hoki ya barafuni ni mchezo wa timu mbili, kila moja ikiwa na wachezaji watano na golikipa mmoja, ambao huvaa viatu vyenye makali chini na kusukuma kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu chenye upana wa sentimita 7.6 na unene wa sentimita 2.5. Huenda mfano huo ukaonekana wa ajabu Chukwani, kusini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye pwani yenye magofu ya kasri ya Sayyid Barghash na jengo la Baraza la Wawakilishi, ambako barafu inayojulikana ni ile ya friji na ile inayofunikia samaki. Hata katika Afrika Mashariki nzima uwanja wa barafu ni kitu adimu: ule wa Hoteli ya Panari jijini Nairobi ulifunguliwa mwaka 2005, na humo ndimo ilimokulia timu ya Kenya Ice Lions, ambayo mwaka 2018 ilipelekwa Toronto, Canada, kucheza mechi yake ya kwanza dhidi ya timu nyingine. Lakini ugeni huo una faida kwa anayejifunza kupima, kwa sababu asiyemjua mchezaji hata mmoja kwa jina hawezi kudanganywa na majina, na hubaki na mwendo peke yake wa kuuhukumu.

Sifa ya kwanza ya kutazamwa ni mtelezo, na hapa mkaazi wa Unguja hana haja ya barafu ili kuelewa, kwa kuwa ana keram. Shirikisho la Kimataifa la Keram, lililoundwa mwaka 1988, limeweka kanuni kwamba ubao unakubalika ikiwa straika, yaani kete kubwa ya kupigia yenye uzito wa gramu 15, ikipigwa kwa nguvu zote huenda na kurudi si chini ya mara tatu na nusu. Busara ya kanuni hiyo ni kwamba haiulizi ubao ni wa mti gani wala umepakwa vanishi gani. Inauliza tu jinsi kitu kinachoteleza kinavyopoteza nguvu zake. Gemu ya hoki nayo iulizwe hivyohivyo. Mwenye pedi amkimbize mchezaji wake kwa kasi, kisha akiachie kitufe cha mwelekeo: akisimama papo hapo kama aliyegonga ukuta, fundi wa gemu hiyo hakuielewa barafu. Katika NHL '94 mchezaji huendelea kuteleza, na akitaka kugeuka hulazimika kuchora upinde na kupunguza kasi, hivyo kila uamuzi wa kwenda upande mmoja una gharama inayolipwa nusu sekunde baadaye. Kisahani nacho hakikugandishwa kwenye gongo, bali huponyoka mwenye nacho anapopigwa kikumbo, hugonga ukingo wa uwanja na kurudi kwa pembe ambayo mchezaji mzoefu huitarajia, kama vile mzoefu wa keram anavyotarajia kete irudi kutoka ubavuni mwa ubao.

Ikumbukwe kwamba mwendo huo ulitengenezwa kwa vifaa duni sana. Mashine ya Sega Mega Drive, ambayo toleo lake la NHL '94 mashabiki wengi hulipendelea, ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 64 tu, na pedi yake ya awali ilikuwa na vitufe vitatu vya vitendo. Aliyeandika programu ya toleo hilo, Mark Lesser, alikuwa tayari amepitia shule kali zaidi ya ubanaji, kwani ndiye aliyeandika Auto Race ya kampuni ya Mattel mwaka 1976, gemu ya kushikwa mkononi ambayo programu yake yote ilienea ndani ya baiti 512. Fundi aliyezoea kubana kiasi hicho hawezi kupoteza nafasi kwa mapambo, na pengine hii ndiyo sababu vitufe vile vitatu vinatosha: kila kimoja hubadilisha kazi kufuatana na kama timu ina kisahani au haina, na mkono huzoea mabadiliko hayo bila kufikiri.

Sifa ya pili ni utii wa vitufe, yaani muda unaopita kati ya kidole kubonya na mchezaji kutenda. Katika NHL '94 jambo hili linadhihirishwa na pigo la palepale, ambalo liliingizwa katika mfululizo wa gemu za NHL kwa mara ya kwanza katika toleo hilo: mwenye pedi hutoa pasi, kisha hubonya kitufe cha kupigia kabla kisahani hakijamfikia mpokeaji, naye hukipiga bila kukituliza. Akibonya mapema mno au akichelewa kidogo, nafasi inapotea. Pigo la namna hii haliwezekani kwenye gemu inayochelewa kutii, wala haliwezi kupimwa kwa haki kwenye televisheni inayochelewesha picha. Kwa sababu hiyo mjuzi hupimia gemu za zamani kwenye televisheni ya chogo, ile yenye kisogo kirefu, ambayo huichora picha mara tu inapoipokea, tofauti na nyingi za bapa ambazo huichakata picha kwanza na kuonyesha kitendo baada ya kuchelewa kidogo. Anayeihukumu gemu ya mwaka 1993 kwenye televisheni bapa iliyotundikwa ukutani huihukumu televisheni.

Yapo pia masuala ya mfumo wa matangazo ambayo wauzaji huyapuuza. Televisheni za Tanzania, kama za nchi nyingi za Ulaya, zilifuata mfumo uitwao PAL, wenye mapigo 50 ya picha kwa sekunde, ilhali Marekani na Japani zilitumia mapigo 60. Gemu nyingi za enzi hiyo zilihamishiwa PAL bila kurekebishwa, zikaenda polepole kwa takriban sehemu moja ya sita. Tofauti hiyo inatosha kuifanya gemu nyepesi ionekane nzito, kwa hiyo kabla ya kutoa hukumu inafaa kujua ni toleo la mfumo gani lililoko mezani.

Golikipa ndiye mtihani mgumu kuliko yote, na ndipo gemu nyingi nzuri huharibikia. Golikipa asiyefungika huua mchezo, na anayefungwa ovyo huua pia, lakini mbaya zaidi ni yule anayefungwa kwa bahati nasibu, ambaye mkwaju uleule huudaka mara tatu na kuuachia mara ya nne bila sababu inayoonekana. Katika NHL '94 kuna goli linalojulikana na kila shabiki: mshambuliaji hukatiza mbele ya lango kutoka upande mmoja kwenda mwingine, golikipa humfuata kwa kuteleza, na kisahani hupigwa kurudi upande ule alioutoka. Wapo wanaoliita goli hilo la wizi, lakini hukumu hiyo haina uzito. Golikipa amefungwa kwa sababu mwili wake una kasi na hauwezi kubadili mwelekeo papo hapo, kwa kanuni ileile inayomtawala mshambuliaji. Tena anayelinda anazo njia za kulizuia, ama kwa kumpiga kikumbo mshambuliaji kabla hajakatiza, ama kwa kumwongoza golikipa yeye mwenyewe, uwezo uliokuwa mpya katika toleo hilo.

Kutoka hapo linazuka suala la kasoro, ambalo ndilo humtenganisha mjuzi na mlalamikaji. NHL '94 ya Sega ina kasoro maarufu ya uzani: wachezaji wawili wanapogongana, hesabu ya uzito hufanya kazi kinyume, hivyo mwepesi humwangusha mzito kwa urahisi zaidi kuliko mzito anavyomwangusha mwepesi. Kwa kipimo cha uhalisia ni kosa la wazi. Kwa kipimo cha mchezo, limezaa elimu nzima ya uteuzi, kwa kuwa mchezaji mdogo mwenye kasi amepata thamani ambayo karatasi haimpi, na jitu lenye mkwaju mkali limepata udhaifu wa kulizingatia. Wapo mashabiki waliolirekebisha kosa hilo katika nakala zao, na wengine wengi wakaendelea kucheza nalo lilivyo. Kanuni inayopendekezwa hapa ni kwamba kasoro inayoongeza maamuzi isamehewe, na inayoyapunguza isisamehewe hata kama inafurahisha.

Kwa kanuni hiyo inaweza kupimwa gemu inayojulikana zaidi katika vibanda vya gemu vya Unguja na bara, yaani Pro Evolution Soccer ya kampuni ya Konami, ambayo wengi huiita kwa jina lake la Kijapani, Winning Eleven, na hasa toleo la sita la mwaka 2006 kwa mashine ya PlayStation 2. Pasi zake zina uzito, mpira wake ni kitu huru kinachoweza kudunda vibaya na kumkimbia mwenye nao, na sehemu ya kati ya uwanja inampa mwenye subira nafasi ya kufikiri. Katika hayo inaipita NHL '94, ambayo haina muda wa subira. Lakini Adriano wa Inter Milan, aliyepewa nguvu za mkwaju za kiwango cha 99, ni kasoro ya aina isiyosameheka: akiwepo uwanjani maamuzi mengi huisha na kubaki moja, kumtafutia nafasi ya kupiga kutoka mbali. Mfululizo huo ulikosa pia leseni za klabu nyingi, hata Liverpool ikaitwa Merseyside Red, na jambo hilo halikuwazuia watu kuucheza miaka na miaka. Ni ushahidi mwingine kwamba majina si uti wa mgongo wa gemu. Kibanda chenyewe nacho ni mahali pazuri pa kupimia, kwa kuwa anayefungwa humpisha anayesubiri, na gemu isiyo na kina huwachosha watazamaji kabla ya wachezaji.

Mjuzi huangalia pia kilichoachwa nje. Toleo lililoitangulia NHL '94, la mwaka 1992, lilikuwa na ngumi, na mchezaji aliyeumia aliweza kuonekana akivuja damu kwenye barafu. Ligi ya Taifa ya Hoki ya Marekani na Canada, ilipotoa leseni kamili kwa toleo la mwaka 1993, haikutaka mambo hayo, na ngumi zikaondolewa. Mashabiki walinung'unika, na wengine hunung'unika hadi leo. Hata hivyo mechi ilipata mtiririko usiokatizwa, na kilichoonekana kuwa hasara kikawa faida ya ufundi. Kuhusu sauti inatosha kusema kwamba kinanda cha uwanjani kilipigwa kwa nyimbo zilizotofautiana kufuatana na timu mwenyeji, na kelele za umati hupanda na kushuka pamoja na hatari langoni.

Uthibitisho bora wa hoja ya mwendo umetolewa na EA Sports yenyewe, bila kukusudia. Mwaka 2013, katika NHL 14, iliweka sehemu ya kumbukumbu yenye barafu ya buluu na alama za nyota chini ya miguu ya wachezaji, lakini mwendo ukawa wa mashine mpya. Mwaka 2020, katika NHL 94 Rewind, ilifanya kinyume, ikauacha mwendo wa zamani ulivyo na kubadili vikosi. Kazi ya kwanza ilikuwa ni nguo za gemu ya kale zilizovishwa gemu nyingine. Ya pili ndiyo iliyofanana na wanachokifanya mashabiki kwa hiari yao kila msimu, wanapofungua data za kaseti na kuandika humo vikosi vipya.

Matoleo kama hayo ya mashabiki yapo pia kwa upande wa soka, mengine yakiwa na Simba na Yanga ndani yake, na yanahitaji jicho kali kwa sababu ubora wake hutofautiana mno. Jezi na majina ya wachezaji husahihishwa kwa urahisi. Linalohitaji uadilifu ni tarakimu za uwezo. Mtengenezaji anayeipenda klabu yake kupita kiasi humpa kila mchezaji wake kasi ya 95 na mkwaju wa 95, akazaa akina Adriano kumi na mmoja kwa pamoja. Njia rahisi ya kumgundua ni kuchukua beki wa pembeni wa timu anayoishabikia, kumkimbiza mstarini dhidi ya winga anayefahamika, na kutazama nani anatangulia kufika kwenye kibendera cha kona.